Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Serikali: INR, kipimo cha kuganda kwa damu, ishuke hadi kituo cha afya

Mganga Mkuu wa Serikali,
Wizara ya Afya,
Mtumba, Dodoma.

YAH: WAGONJWA WA MAPIGO YA MOYO YASIYO NA MPANGILIO NA VIHARUSI VINAVYOZUILIKA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni tabibu katika kituo cha afya cha vijijini, na kazi yangu kubwa ni kliniki ya presha na kisukari.

Kati ya wazee wanaokuja kupimwa presha, wapo ambao mapigo yao yamevurugika kabisa: mawili ya haraka, moja linachelewa, jingine halisikiki. Vyumba vya juu vya moyo vinapapatika badala ya kusukuma, damu inatuama na kuganda, na donge likichomoka linakwenda kuziba mshipa wa ubongo. Vitabu vinaiita fibrilesheni ya atiria, nayo huongeza hatari ya kiharusi takriban mara tano. Presha ndiyo kinara wa viharusi, sibishi. Lakini viharusi vya donge la moyo huwa vibaya zaidi, na wengi hawainuki tena.

Kuwatambua watu hawa kunahitaji vidole viwili kwenye kifundo cha mkono na saa, kisha ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ya kuthibitisha. Tangu mashine za presha za kidijitali zijae, tumeacha kumshika mgonjwa mkono. Mashine inatoa namba, tunaiandika kwenye kadi, anayefuata aingie. Hilo tutalirekebisha wenyewe, halihitaji waraka. Kinachotushinda ni kinachofuata.

Warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ikitumiwa sawasawa hupunguza viharusi hivi kwa karibu theluthi mbili, tena ni dawa ya siku nyingi na bei yake si ya kutisha. Shida yake ni kipimo. Ikipungua haimkingi mgonjwa, ikizidi anavuja damu, na huwezi kujua yuko wapi mpaka upime INR, namba inayoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, na kuikuta kati ya 2 na 3. Mwanzoni unapima kila baada ya siku chache, akitulia kila mwezi. Sasa mwambie bibi wa miaka 75 apande basi hadi hospitali ya rufaa ya mkoa kila wiki kutolewa damu. Safari ya kwanza atakwenda, ya pili mwanawe atakopa nauli, ya tatu hatumwoni. Mvua zikinyesha anakula mchicha na kisamvu kila siku, na vitamini K ya mboga inapunguza nguvu ya dawa; kiangazi mboga zinaadimika, nguvu ya dawa inapanda. Akiumwa tumbo anauziwa Flagyl dukani, nayo huongeza makali ya warfarini bila yeye wala muuzaji kujua. Tabibu anayeogopa kuandika warfarini katika mazingira hayo simlaumu.

Ndiyo maana wengi wanaishia kupewa aspirini. Kwa ugonjwa huu aspirini inakinga kidogo mno, na kwa wazee inavujisha damu kwa kiasi kisicho mbali na dawa zenyewe za kuzuia damu kuganda. Inamtuliza zaidi aliyeiandika.

Njia tunayo tayari. Tulipoanza kutoa ARV mwaka 2004, ni wachache walioamini kwamba zahanati zingekuja kuzitoa. Leo mgonjwa ana kadi ya CTC (kliniki ya huduma na matibabu ya VVU), sampuli ya wingi wa virusi inapakiwa kwenye pikipiki, na asiyefika siku yake anatafutwa hadi nyumbani. Mgonjwa wa warfarini anahitaji hayohayo. Kipo kimashine cha INR cha tone la damu ya kidole, jibu linatoka ndani ya dakika chache, na muuguzi anayejua glukomita, kile cha kupimia sukari, atakimudu. Kikae kituo cha afya, na vitendanishi vyake viingie kwenye orodha ya Bohari ya Dawa. Mashine zilizofunikwa kitambaa kwa kukosa vitendanishi tunazo za kutosha.

Utaulizwa kwa nini tusihamie moja kwa moja kwenye rivaroksabani au apiksabani, dawa mpya zaidi za kuzuia damu kuganda zisizohitaji INR. Dawa za kundi hilo WHO iliziweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, na kwa mzee asiye na ugonjwa wa valvu ningezichagua leo kama angezimudu. Ila wagonjwa wetu si wazee peke yao. Tunao kina mama wa miaka 30 ambao valvu ya mitrali, mlango wa ndani wa moyo upande wa kushoto, imebana kutokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Kwa wagonjwa wa namna yao, utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba vifo vilikuwa vichache kwa waliotumia jamii ya warfarini kuliko waliopewa rivaroksabani. Kina mama hao wanahitaji pia uzazi wa mpango, maana warfarini hudhuru mimba changa, na huduma hiyo iko hapa kwetu.

Ombi langu ni la mpangilio. Tusianze na kampeni ya kupima mapigo uwanjani Siku ya Moyo Duniani halafu tukamkabidhi mtu karatasi ya rufaa asiyo na nauli yake. Kianze kimashine, ifuate dawa isiyokatika, ndipo tutangaze. Vituo vyenye CTC viwe vya kwanza, kwa kuwa mfumo wa kufuatilia wagonjwa wanao. Na Mwongozo wa Matibabu utakapopitiwa, uandikwe wazi kwamba aspirini si mbadala.

Wako katika utumishi,

Tabibu, kituo cha afya cha vijijini

Nakala: Katibu Mkuu, TAMISEMI (vituo ni vyenu, na bajeti pia)