Mjukuu wangu alipigishwa magoti kwa jibu sahihi

Bwana Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu miaka 16 bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Ile habari ya juma lililopita kuhusu watoto wenye akili nyingi imenishinda. Mwandishi wenu anasema mtoto wa namna hiyo hujitafutia njia mwenyewe, serikali ilete tu vipimo vya kuwachuja. Nimefundisha shule ya msingi hapa Lubumbashi miaka 22. Hajitafutii njia. Anapotea, tena mbele ya macho yetu, amekaa benchi la nyuma.

Mjukuu wangu wa kike yuko mwaka wa tatu. Tangu nistaafu nauza unga wa mahindi mlangoni kwangu, Katuba, na daftari la madeni analiandika yeye: aliyelipa kwa kalamu ya bluu, anayedaiwa kwa nyekundu. Mwezi wa kwanza mwalimu wake aliandika ubaoni 5 kutoa 8, akawaambia watoto haiwezekani. Mtoto akanyoosha mkono: "Inawezekana, mwalimu. Ni 3 ya nyekundu." Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akaona amedharauliwa, akampigisha magoti kwenye saruji mpaka kengele ikalia, na kwenye buletini, ile ripoti yake ya shule, mahali pa mwenendo, akaandika "mkaidi". Mtoto wa miaka 8 ameziona namba hasi, zile zilizo chini ya sifuri, katika madeni ya unga kabla hajafundishwa, na malipo yake ni magoti yaliyochubuka! Nilipokwenda kwa direkta wa shule, alinijibu kwamba mtoto anayejua sana husumbua wenzake. Tangu siku ile hanyooshi mkono. Juzi nimekuta katika daftari lake la hesabu majibu matatu sahihi yamefutwa, na juu yake yameandikwa ya uongo kwa mwandiko wake mwenyewe. Nikamuuliza. "Nkambo, nikipata zote wananiita mchawi." Wasichana hujificha hivyo, na sisi walimu tunaandika "ametulia". Hata mimi niliandika hivyo, na leo inaniuma.

Marehemu kaka yangu naye alikuwa na akili za namna hiyo: aliusikiliza mtambo unaunguruma akakwambia ni valvu ipi mbovu. Alifukuzwa kazi mara tatu kwa kumsahihisha mkubwa wake. Usiku alikuwa halali, nasi tulimwambia aache kufikiri sana. Tulidhani ni ushauri.

Na hivyo vipimo mnavyovililia? Wafaransa Binet na Simon walitengeneza kipimo chao cha akili Paris mwaka 1905 ili kuwatambua watoto wanaohitaji kusaidiwa, si kuwatupa wengine. Mwaka 1921 huko Kalifornia, Marekani, mwanasaikolojia Lewis Terman akaanza kuwachagua watoto wenye akili nyingi kwa kipimo. William Shockley na Luis Alvarez walipimwa wakaachwa. Shockley alipata tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 1956, Alvarez mwaka 1968. Katika wale waliochaguliwa hakuna hata mmoja aliyeipata.

Halafu kuna hili la karatasi. Katiba ya Kongo ya 2006, ibara ya 43, inasema shule ya msingi ya umma ni bure. Mbona kila Ijumaa mtoto anadaiwa faranga 500 za karatasi ya mtihani, na asiye nazo anarudishwa nyumbani? Darasani mwao wako 83. Kwa wingi huo simlaumu mwalimu. Ila magoti, hapana.

Dawa ipo, na haihitaji kipimo. Mtoto aliyemaliza hesabu 10 asipewe 20 nyingine za aina ileile. Saa ya hesabu ikifika, achukue daftari lake aende kukaa na mwaka wa nne, saa ikiisha arudi kwa wenzake. Kiti kimoja tu. Nanyi, Bwana Mhariri, kwenye ukurasa wa nyuma mna matangazo mawili ya kubashiri mpira. Ondoeni moja kila Alhamisi, mweke swali moja gumu la hesabu kwa Kiswahili, jibu litoke Alhamisi inayofuata. Maswali 10 ya kwanza nimeshayaandika. Nitayaleta Jumatatu kwa mkono wangu, na mjukuu wangu atakuja nami, kwa sababu manne ameyatunga yeye.

Mwalimu mstaafu,
Katuba, Lubumbashi