Wanangu mnaopimana nafasi za udahili

Wanangu mnaotaka kusoma baiolojia katika vyuo vinavyochuja sana hapa Marekani,

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Sasa nisikilizeni, maana safari hii nimeudhika.

Kila ifikapo Septemba nawaona mkizungusha orodha zenu: wastani 3.9 kati ya 4, SAT (mtihani wa kuombea chuo) 1510 kati ya 1600, alama 5, ya juu kabisa, katika AP ya Baiolojia (somo la kiwango cha chuo linalosomwa sekondari), kiangazi kimoja maabara, uenyekiti wa klabu. Halafu swali: "Nina nafasi gani?" Na wenzenu, ambao hawajawahi kushika faili hata moja la mwombaji, wanajibu kama wapiga ramli: hapa asilimia 20, pale 40. Wamezitoa wapi?

Kwa darasa lililoanza 2021, Harvard ilipata maombi 57,435 na kuwakubali 1,968. Piga hesabu, haifiki asilimia 3.5. Waliokataliwa wamo wengi wenye alama kama zako, na wengine wamekupita. Kwenye chuo cha namna hiyo alama nzuri zinafanya faili lako lisomwe kwa makini, basi. Anayekuhakikishia utaingia anabahatisha, sawasawa na anayekukatisha tamaa.

Kipimo mnacho, ila kinachosha kusoma. Vyuo vingi hutoa kila mwaka jedwali liitwalo Common Data Set. Nendeni sehemu ya C: walioomba wangapi, waliokubaliwa wangapi, nusu ya katikati ya walioingia walikuwa na SAT kati ya ngapi na ngapi, na chuo chenyewe kinasema kinatilia uzito nini. Ukiwa juu ya kiwango hicho na chuo kinachukua mmoja kati ya kumi au chini ya hapo, bado kiite ndoto. Kisha tafuta viwili vitatu ambavyo hakika vitakuchukua, na ambavyo hutaona aibu kusoma.

Lakini kilichoniudhi hasa ni hiki. Binti mmoja niliyekuwa namsaidia, mwenye kupenda kuvu na uyoga kupita kiasi (alinifundisha mimi, mzee mzima, kutofautisha aina za uyoga), alipimwa na wenzake Oktoba nzima. Wakamwambia chuo fulani "kinamfaa", aombe mapema, ule uombaji wa kujifunga kwamba ukikubaliwa unakwenda. Akaomba. Katikati ya Desemba akakubaliwa! Nyumba ikapigwa vigelegele. Siku ya tatu baba yake akafungua barua ya msaada wa fedha, akanyamaza. Hawakuweza. Chuo kikamwachilia, maana sababu ya fedha inakubalika, lakini zilibaki siku kumi na kidogo kabla ya tarehe ya mwisho ya maombi ya kawaida mwanzoni mwa Januari, na hakuwa ameandika insha nyingine hata moja. Watu ishirini walimpima nafasi, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza ada italipwa na nani. Nami nimo humo. Nilikuwa nahariri sentensi zake.

Tangu 2011 sheria inavitaka vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu kwa ajili ya wanafunzi kuweka kwenye tovuti zao kikokotoo cha gharama halisi, kinachokadiria familia yako italipa kiasi gani baada ya msaada. Kaeni na mama na baba, na karatasi za kodi mezani. Naam, mwana anaona haya kumuuliza mzazi kipato chake. Ulizeni tu.

Mengine kwa ufupi. MIT ilirudisha sharti la SAT mwaka 2022. University of California haiitazami kabisa. Cornell inafundisha baiolojia katika vitivo viwili, na unachagua kimoja wakati wa kuomba. Insha kuu ya Common App, ile fomu moja ya kuombea vyuo vingi, mwisho maneno 650. Mwalimu wa kukuandikia barua aombwe kabla ya likizo.

Na ninyi wazazi mnaowanunulia watoto kiangazi cha maabara ili kipendeze kwenye fomu, mnawafundisha nini? Mwanabiolojia Carol Greider alisoma shahada ya kwanza Santa Barbara, chuo cha umma. Alipoomba uzamivu, vyuo vingi vilimkataa kwa sababu ya alama za mtihani. Ana tatizo la kusoma maneno. Mwaka 2009 alipata Nobel kwa kazi ya telomeri, zile ncha zinazolinda kromosomu. Wangempima wenzenu wale, wangempa asilimia ngapi?

Novemba 1, tarehe ya mwisho ya kuomba mapema katika vyuo vingi, inakuja. Ambaye nyumbani kwao hawajafungua kikokotoo aniambie wiki hii, nitakuja mwenyewe kuzungumza na wazee.