Kwa mdogo wangu, kabla hujatia saini fomu ya upasuaji

Mdogo wangu mpenzi,

Umeniambia kwamba ultrasaundi imeonyesha uvimbe wa sentimita 6 kwenye ovari yako ya kushoto, kwamba daktari anahisi ni ule wa endometriosisi (ugonjwa ambapo nyama inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake), wenye damu nzito ya rangi ya chokoleti, na kwamba unaogopa kutoka chumba cha upasuaji ukiwa huwezi tena kuzaa. Nakujibu hadharani, kwa ruhusa yako, kwa kuwa wapo wengine wenye hofu kama hiyo ambao hawana wa kumuuliza.

Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, takriban milioni 1 hadi 2, na hakuna mengine yanayotengenezwa baadaye. Uvimbe wa aina yako umeshikamana na ovari kiasi kwamba ukuta wake unapovuliwa hutoka na sehemu ya nyama yenye afya iliyobeba mayai, mithili ya ganda la embe bichi. Kisha damu huvuja, na hapo ndipo mkono wa daktari unapokuwa na uzito mkubwa: akiizuia kwa kuchoma kwa umeme, joto huunguza mayai ya jirani, lakini akishona kwa uzi, mengi zaidi husalimika. Muulize waziwazi atatumia njia gani. Muulize pia amekwishafanya upasuaji wa aina hii kwa matundu madogo mara ngapi, kwa sababu ukifanywa vizuri huacha makovu machache ya ndani yanayoweza kukunja mirija ya uzazi.

Kabla ya siku ya upasuaji, omba kipimo cha damu cha AMH, ambacho hukadiria akiba ya mayai iliyobaki. Hakitabiri kama utashika mimba, ila kikiwa chini tayari, au kama ovari zote mbili zina uvimbe, ni haki yako kuzungumza na mtaalamu wa uzazi kuhusu kugandisha mayai kwanza, au hata kuuliza kama upasuaji wenyewe ni wa lazima. Gharama ni kubwa, najua, lakini swali halilipiwi.

Fomu ya ridhaa isome taratibu. Mara nyingi ina sentensi inayompa daktari ruhusa ya kufanya lolote atakaloona linafaa. Mwombe aandike kwamba utatolewa uvimbe tu na ovari ibakizwe, isipokuwa pakionekana dalili za saratani au damu isiyozuilika. Hata ikilazimu ovari moja iondoke, ile ya pili ikiwa nzima inaweza kukupa mimba, kwa hiyo wasikutishe shangazi zetu.

Ukishapona, dai ripoti ya upasuaji kwa maandishi, inayoeleza kilichotolewa na kilichobaki. Kama huna mpango wa kubeba mimba karibuni, muulize daktari kuhusu vidonge vya homoni vinavyopunguza uwezekano wa uvimbe kurudi, kwani upasuaji wa pili kwenye ovari ileile huipunguzia akiba zaidi kuliko wa kwanza. Siku utakayotaka mtoto, utaviacha.

Ukipewa majibu ya AMH, nitumie tuyasome pamoja kabla hujarudi kwa daktari.

Dada yako