Barua ya Wazi kwa Walimu Vijana: Yasomeni Wenyewe Madaftari ya Watoto

Wanangu walimu,

Nawaandikia kwa uchungu, kwa sababu nimeona darasa ambamo mwanafunzi aliiomba programu ya akili unde imwandikie insha, mwalimu naye akaikabidhi insha hiyo kwa programu nyingine iisahihishe, na mtoto akarudishiwa alama za juu na sifa tele kwa kazi ambayo hakuna mtu hata mmoja aliyeisoma. Wote wawili waliridhika, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Sisemi mashine zifukuzwe shuleni. ChatGPT, programu ya akili unde inayojibu maswali na kuandika, ilipotoka Novemba 2022, shule za umma za jiji la New York ziliizuia Januari 2023, kisha zikaliondoa zuio hilo mwezi Mei mwaka huohuo. Mtoto asiyeona husomewa kitabu na simu. Mwenye aibu huuliza swali mara kumi bila kuchekwa. Hayo yapokeeni kwa mikono miwili.

Lakini kuisoma kazi ya mtoto msimwachie yeyote. Chukueni hesabu ya 52 kutoa 38. Mtoto akiandika 26, programu nyingi za mazoezi zitamwekea alama ya kosa na kumpeleka kwenye swali linalofuata. Mwalimu anayelitazama daftari ataona kwamba mtoto huyo hakubahatisha: ametoa 3 kwenye 5, kisha akatoa 2 kwenye 8, kwa kuwa ameshika kwamba tarakimu ndogo hutolewa kwenye kubwa siku zote. Ana kanuni yake na anaifuata kwa uaminifu, na asipoulizwa, "Mwanangu, umefikaje hapa?" atapanda nayo darasa hadi darasa. Mtaniambia kwamba programu za kesho zitaigundua kanuni hiyo upesi kuniliko. Huenda. Hata hivyo, mwalimu aliyeacha kuyatazama makosa ya wanafunzi wake hatajua aanzie wapi kesho asubuhi, na mtoto ambaye hakuna mtu mzima anayeisoma kazi yake hujifunza haraka kwamba hapana haja ya kuifanya.

Wala lawama si yenu peke yenu. Peru iligawa mamia ya maelfu ya kompyuta ndogo kwa watoto wa shule, na utafiti uliochapishwa mwaka 2012 haukuona wakipata alama bora katika hesabu wala lugha. Bado wakubwa wanapenda kupigwa picha wakigawa vishikwambi, huku darasa lililofurika likiachiwa mwalimu mmoja, kisha wanashangaa akiitupia mashine madaftari.

Mengine nayataja tu. Msimhukumu mtoto kwa programu inayodai kutambua maandishi ya mashine. OpenAI, kampuni iliyounda ChatGPT, waliiondoa ya kwao Julai 2023 kwa kukosa usahihi. Siri za wanafunzi msizipakie popote. Insha nyingine ziandikwe darasani, kwa kalamu.

Muhula ujao, kabla ya kuwasha kompyuta, chagueni madaftari machache kila siku, myasome hadi ukurasa wa mwisho, kisha muwaite wenyewe mmoja mmoja wawaeleze walivyoyapata majibu yao.

Mzee wenu,
Mwalimu mstaafu