Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Januari hadi Desemba 2024

Ndugu wanachama wenzangu, assalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Awali ya yote ninamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha mwisho wa mwaka mwingine tukiwa hai, na ninawaombea wenzetu waliotangulia mbele ya haki. Ninaandika taarifa hii kabla sijajua idadi ya watakaohudhuria, lakini kwa uzoefu wa mikutano yetu ninawashukuru mapema wale watakaokuwa wamefika kwa saa iliyotangazwa, kwa kuwa ninawajua na si wengi.

Shughuli za kawaida za chama mnazifahamu na sitawachosha nazo. Tulipata misiba minne ya wanachama na kila familia ilipewa rambirambi ya shilingi 250,000. Tulitembelea wagonjwa sita kwa shilingi 30,000 kila mmoja. Turubai kubwa lilichanika katika arusi ya mtu aliyelikodi kule Chumbageni na likashonwa kwa shilingi 145,000. Tulinunua viti 20 kwa shilingi 360,000. Na matumizi madogo ya vocha, nauli na daftari yalikuwa shilingi 75,000. Kukodisha viti na turubai kulituingizia shilingi 410,000. Tulianza mwaka na shilingi 1,180,000 na tumeufunga na shilingi 2,045,000. Daftari liko mezani kwa Mweka Hazina, na anayetaka kulikagua alikague leo badala ya kulikagua kwenye vibaraza vya kahawa.

Suala ambalo limezungumzwa mwaka mzima pembeni, na ambalo ninaona ni haki yangu kulieleza kikamilifu, ni ile harambee ya chakula tuliyoifanya Jumamosi ya tarehe 1 Juni kwa ajili ya familia ya mwenzetu mkwezi. Kama mnavyokumbuka, mwezi Aprili, mvua za masika zikiwa zimeshika kasi, mwenzetu huyo alipanda mnazi uliokuwa umelowa, akateleza karibu na kilele na kuanguka. Aliumia uti wa mgongo na hadi leo miguu yake haifanyi kazi. Mke wake anauza vitumbua, wana watoto watatu wa shule, na wanaishi katika chumba cha kupanga hapa hapa Ngamiani. Alipotoka hospitalini, baada ya Ustawi wa Jamii kumsaidia kupata msamaha wa sehemu ya gharama, alikuwa anadaiwa kodi ya miezi mitatu na mwenye nyumba alikwisha kumpa notisi.

Wapo waliouliza kwa nini hatukumlipa kutoka mfuko wa maafa. Jibu ni kwamba katiba yetu inamsimamishia haki mwanachama ambaye hajalipa ada kwa miezi sita mfululizo, na mwenzetu alikuwa na deni la miezi 14. Ningemlipa kinyume cha katiba, wale wale wanaonilaumu leo kwa ukali wangu wangenilaumu kwa upendeleo. Niliona njia iliyobaki ni kuwaita wanachama wajitolee, tupike, tuuze, na kila shilingi ya faida iende kwa familia ile, ili mfuko usipungue.

Hapo ndipo lilipozaliwa lalamiko kuu, kwamba Mwenyekiti alichota shilingi 480,000 za mfuko bila idhini ya mkutano, ilhali kamati ina mamlaka ya kutumia shilingi 200,000 tu. Sikatai kwamba kiasi hicho kilizidi. Ninachokataa ni neno kuchota. Fedha zile ziliazimwa kuwa mtaji wa mapishi, Mweka Hazina alitia saini siku ile ile, Katibu alitia saini aliporudi kutoka Handeni, na Jumatatu ya tarehe 3 Juni zilirudishwa zote, hata senti haikupungua. Aidha, naomba ikumbukwe kwamba niliitisha mkutano wa dharura tarehe 28 Aprili, wakaja wanachama 21. Nikauitisha tena tarehe 5 Mei, wakaja 17. Akidi yetu ni nusu ya wanachama 64, yaani 32. Mkutano wa pili tulikaa chini ya mwembe hadi adhana ya alasiri tukiwasubiri watu ambao baadaye niliambiwa walikuwa wakitazama mpira. Nimewachunguza majina wale watano waliotia saini barua ya malalamiko, na nasikitika kusema kwamba hakuna hata mmoja wao aliyehudhuria mkutano wowote kati ya hiyo miwili. Idhini wanayosema sikuiomba, niliiomba mara mbili, na wao ndio hawakuja kunipa wala kuninyima.

Kuhusu kujitolea kwenyewe, waliojiandikisha kwa Katibu walikuwa 38. Saa kumi alfajiri, tulipoanza kuwasha moto, tulikuwa watu tisa, na sita kati yao walikuwa kina mama ambao chama hiki hakijawahi kuwashukuru inavyostahili. Kuni zilikuwa zimenyeshewa usiku, moshi ukatanda uwanja mzima, na nilikaa mwenyewe juu ya ndoo nikimenya vitunguu hadi jua likachomoza, jambo ambalo silitaji kwa kujisifu bali kwa sababu limesemwa kwamba nilifika saa nne na kukaa kitini. Maji yalibebwa na vijana wa kijiwe cha bodaboda ambao si wanachama na hawakudai malipo, ila sahani ya pilau kila mmoja. Wanachama wengine kadhaa walifika adhuhuri, wakati wa kula.

Mchele wa Mombo kilo 50, nyama, mafuta, viungo, mkaa, kuni na machungwa ya Muheza kwa ajili ya juisi ndivyo vilivyomaliza zile shilingi 480,000. Tulitarajia sahani zisizopungua 330, tukauza 271 kwa shilingi 3,000 kila moja, kwa sababu sufuria moja iliungua chini na pilau yake ikanuka moshi kiasi cha kutouzika. Ninakiri kosa hilo ni la usimamizi, ingawa mtu aliyekabidhiwa sufuria hiyo aliiacha na kwenda kuongea na simu, na sitamtaja. Sahani zilileta shilingi 813,000, juisi 94,000, michango ya mkononi na ya simu, iliyopokelewa kwenye namba ya Mweka Hazina kwa kuwa chama hakina laini yake, ikawa 921,500.

Kisha kuna suala la jogoo. Mzee mmoja wa mtaa alitoa jogoo mwekundu, tukamnadi. Alinunuliwa kwa shilingi 28,000, mnunuzi akamrudisha anadiwe tena. Akaenda kwa 35,000, akarudishwa. Akaenda kwa 50,000, akarudishwa. Na mara ya nne akanunuliwa kwa 55,000. Jumla jogoo mmoja alituletea shilingi 168,000, na watu walicheka siku ile kuliko nilivyowaona wakicheka mwaka mzima. Mnunuzi wa mara ya nne ni mimi. Maneno kwamba Mwenyekiti aliondoka na jogoo wa harambee ni ya kweli, ila yanaacha nusu ya habari, kwamba nilimlipia fedha taslimu mbele ya watu na jina langu limo katika daftari la mnada.

Jumla ya mapato ilikuwa shilingi 1,996,500, na baada ya kurudisha mtaji zilibaki 1,516,500. Hapa lipo lalamiko la mwisho, kwamba familia haikukabidhiwa fedha mkononi. Ni kweli, na niliamua hivyo kwa makusudi. Nyumba ile ilikuwa na wadai wengi, na nilijua kwamba fedha zikiingia kwa mkupuo zitaishia kwa anayegonga mlango kwa sauti kubwa zaidi. Tulimlipa mwenye nyumba shilingi 720,000, yaani deni la miezi mitatu na miezi tisa ya mbele, kwa risiti. Tulinunua kiti cha magurudumu kwa shilingi 420,000. Sare na viatu vya watoto vikachukua 126,500. Na shilingi 250,000 alikabidhiwa mama mwenyewe kuongeza mtaji wa vitumbua. Mama huyo hakunilalamikia. Siku tulipopeleka kiti, mzigo wa kwanza aliouweka juu yake ulikuwa gunia la mchele wa vitumbua, akalisukuma kutoka mlangoni hadi jikoni kuona kama magurudumu yanapita, ndipo akamwita mumewe abebwe. Kodi hiyo, hata hivyo, inakaribia kwisha, na mkutano huu unapaswa kujua kwamba kazi haijamalizika.

Sasa nizungumzie ada, ingawa najua hapa ndipo watu huanza kuaga. Kwa shilingi 5,000 kwa mwezi, wanachama 64 walipaswa kulipa shilingi 3,840,000. Zimekusanywa 2,215,000. Wanachama 27 wamelipa mwaka mzima, 26 wamelipa nusunusu, na 11 hawajalipa hata mwezi mmoja, wakiwemo wawili waliotia saini barua niliyoitaja. Mwenzetu mkwezi alikuwa mdaiwa kama hao, naye hakudhani kwamba Aprili itamkuta. Mkutano wa Novemba wa kujadili wadaiwa haukufanyika kwa kuwa watu walikuwa katika kampeni za uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba, na baada ya uchaguzi hakuna aliyeuulizia.

Kwa mwaka ujao, kamati inatarajia kwamba, hali ikiruhusu, chama kitatazama uwezekano wa kupata laini yake ya simu, kuongeza masufuria, na kuangalia namna ya kusaidia wanachama wasio na bima ya afya. Hadi mwaka huu wa 2024 Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulikuwa ukichukua kaya ya watu wasiozidi sita kwa shilingi 30,000 kwa mwaka, kiasi ambacho ni ada ya miezi sita ya chama hiki, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imekwisha kupitishwa tangu mwaka 2023. Namna ya kulitekeleza hilo itajadiliwa. Vilevile lipo pendekezo la kupandisha kiwango cha fedha ambacho kamati inaweza kuazima wakati wa dharura, nami nitalitetea litakapofika mbele yenu, iwapo akidi itatimia.

Wale wanaodaiwa watamkuta Mweka Hazina kwenye meza ya mlangoni, na ataendelea kupokea hadi baada ya chakula.

Ninawasilisha.

Mwenyekiti wa Chama
Ngamiani, Tanga