Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mashtaka: Mateso ya mnyama nayo yaingie kwenye jalada

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Mashtaka,

Nakusalimu kutoka Mugumu, wilayani Serengeti. Kazi yangu ni kuendesha na kuongoza watalii. Siku nisipokuwa na wageni huwa napita mahakamani kusikiliza kesi za ujangili, maana washtakiwa wengi wanatoka vijiji ninavyovifahamu.

Kesi hizo zinafanana mno. Aliyezizoea anajua mashtaka hata kabla hayajasomwa. Kosa la kwanza, kuingia hifadhini bila kibali. La pili, kupatikana na silaha ndani ya hifadhi: panga, kisu, na nyaya za kutegea wanyama. La tatu, kupatikana na nyara za Serikali, yaani mnyamapori au sehemu ya mwili wake, mara nyingi kipande cha nyama mbichi au kimoro (nyama iliyokaushwa). Kisha anaitwa ofisa wanyamapori na hati yake ya uthaminishaji: nyumbu dola 650, pundamilia dola 1,200, twiga dola 15,000. Zinageuzwa kuwa shilingi, shauri linasonga mbele.

Sijasikia hata mara moja shahidi akiulizwa mnyama yule alikufaje.

Huku porini jibu liko wazi. Waya wa kutegea ni wa kawaida, mwingine umechomolewa kwenye matairi yaliyochomwa moto. Unafungwa kitanzi, unaning'inizwa kichakani kwenye njia ya wanyama, usawa wa shingo ya nyumbu. Akishaingiza kichwa, kila anavyovuta ndivyo kitanzi kinavyokaza, wala hakilegei tena. Na mtegaji hategi kimoja. Anatega mstari mzima, anarudi nyumbani, anaweza kukaa siku kadhaa bila kwenda kuangalia. Akisikia askari wa doria wako eneo lile, harudi kabisa. Utakuta mti, kuuzunguka pote nyasi zimekanyagwa hadi udongo umebaki mtupu, na gome limechubuliwa na waya. Hapo ujue mnyama alihangaika muda mrefu. Fisi wakimkuta bado mzima, wanaanza kumla akiwa amesimama.

Kuna twiga jike niliyemwona upande wa Grumeti. Waya ulikuwa umezama juu ya kwato ya mguu wa mbele hata hauonekani. Kilichoonekana ni uvimbe uliopita ukubwa wa goti, nzi, na ncha ya waya ikiburuzwa kwenye majani. Kila akitaka kupiga hatua alikuwa anautanguliza mguu ule, anasita, anaurudisha. Tulitoa taarifa, daktari wa wanyamapori akaja akamlaza kwa dawa na kuukata waya. Namshukuru sana. Lakini waya ule ulitupwa kwenye rundo la nyaya nyingine, na hakuna aliyeuandika kama kielelezo. Twiga hakufa, nyama yake haikukutwa mikononi mwa mtu, kwa hiyo hakuna shauri. Mnyama wa Taifa letu alikatwa mguu hadi karibu na mfupa, na mbele ya sheria ni kana kwamba hakuna kilichotokea.

Jambo hili si la wanyonge wa Mugumu peke yao. Novemba 2010 wanyama hai zaidi ya 100, twiga wakiwamo, walipakiwa kwenye ndege ya jeshi pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na kupelekwa Qatar. Nchi nzima ikawa inasema twiga kapanda ndege. Mwaka 2014 mahakama mjini Moshi ilimhukumu mshtakiwa mkuu miaka 60 jela, mwenyewe akiwa hayupo. Kesi ilikuwa ya uhujumu uchumi. Twiga waliingizwaje mle ndani na shingo zile, walisimama kwa saa ngapi, wangapi walishuka wazima? Hayo tuliulizana vijiweni tu.

Na sumu je? Mwaka 2018, karibu na Hifadhi ya Ruaha, simba sita na tai zaidi ya 70 walikutwa wamekufa, ikishukiwa ni sumu. Ukikadiria thamani ya kila mzoga na kujumlisha, bado hujagusa uzito wa tendo lenyewe.

Mheshimiwa, tunayo Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, na tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya 2008. Ya kwanza iko maliasili, ya pili iko mifugo, na ukitaja ukatili kwa wanyama watu wanafikiria punda wa mkokoteni na ng'ombe wa mnadani. Kila wizara ina la kwake. Lakini majalada yote mwishowe yanafika kwako, ndiyo maana nimekuandikia wewe.

Siombi vifungo virefu zaidi. Vilivyopo vinanitia huzuni. Kijana anakutwa na kipande kimoja cha nyama, anahesabiwa nyumbu mzima, anakwenda jela miaka inayomaliza ujana wake, na pengine nyama yenyewe aliinunua. Aliyetega nyaya mstari mzima akaziacha zinyonge chochote kinachopita, asipokutwa na nyama, kosa lake linaonekana dogo. Hapo ndipo mizani ilipokosewa.

Ninaloomba ni waendesha mashtaka waelekezwe kuuliza mnyama aliumizwaje, na daktari wa wanyamapori aitwe atoe ushahidi ambao hakimu ataupima anapotoa adhabu. Nyaya zinazokatwa kwenye miili ya wanyama walio hai zihifadhiwe na zifunguliwe jalada, hata kama mtuhumiwa bado hajajulikana. Ushahidi ukitosha, shitaka la ukatili liwekwe kwenye hati ya mashtaka pamoja na lile la nyara. Na kama mawakili wako wanaona sheria ya 2008 haimfikii mnyama wa porini, ofisi yako itamke hivyo hadharani, ili wabunge wetu wajue kifungu gani cha kurekebisha.

Picha za twiga yule ninazo, zina tarehe na mahali. Mwendesha mashtaka akizihitaji nitampelekea ofisini, na nikiitwa kutoa ushahidi nitakuja.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Dereva mwongoza watalii, Mugumu