Barua kwa Salum: dari ya buluu

Ndugu yangu Salum,

Assalaam alaykum. Natumai nyote hamjambo, na kwamba Bi Mkubwa amekwishapoa homa yake. Uniwie radhi kwa kimya changu. Nisingekaa kuandika usiku huu lau si habari yako kwamba mafundi wataanza karibuni kulikwangua na kulipiga lipu upya lile banda la uani katika nyumba ya marehemu babu yako.

Nimetoka Savannah, Georgia, huko Marekani, kuitazama nyumba ya Owens-Thomas, ambayo msanifu Mwingereza William Jay alimjengea mfanyabiashara Richard Richardson na kuikamilisha mwaka 1819. Fahari yake ni kubwa: mabomba ya maji ndani ya nyumba, jambo la nadra zama zile, na roshani wanayosema jenerali Mfaransa Lafayette aliwahutubia watu kutoka hapo mwaka 1825. Hayo niliyapita upesi, ila nilicheka kusikia kwamba kuta zake zina chokaa ya makaka ya chaza yaliyochomwa. Mzee Haji angeapa kwamba wametuibia ufundi.

Kilichonishika miguu ni jengo la nyuma, ng'ambo ya bustani, ambalo upande mmoja walifungwa farasi na upande mwingine waliishi watumwa. Walipolikarabati miaka ya 1990 waliikuta dari ya vyumba hivyo ingali na rangi ya buluu, ya nili, chokaa na maziwa, ambayo inaaminiwa ilipakwa kuwazuia pepo wabaya wasiingie. Nilisimama nikiitazama hadi shingo ikauma, maana katika nyumba kubwa nilioneshwa mali za wenyewe, na pale tu ndipo nilipoiona hofu ya mtu aliyelala chini ya dari ile. Mwaka 2018 makumbusho yaliongeza makazi ya watumwa katika jina lake rasmi. Fundi mwenye haraka angeyafuta yote kwa ndoo mbili za chokaa.

Ndiyo maana nakusihi, Salum, lipu isubiri. Ile michoro ya mkaa nyuma ya mlango, tuliyokuwa tukiikwaruza kwa misumari, Mwenyezi Mungu atusamehe, sidhani ilichorwa na watoto.

Je, fundi ameshapewa malipo ya awali? Unaweza kumzuia japo wiki mbili? Bi Mkubwa anakumbuka ni nani waliolala mle, na kwa nini sisi tulikatazwa kuwauliza wazee? Utanipigia picha za dari kabla ya ukuta?

Nduguyo,
Omari